Kofi la Ndugu Katibu

Ndani ya basi letu la Kinole kulikuwa na kibao kimoja tu cha sheria. Kilipigiliwa juu ya kichwa cha dereva, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: USIZUNGUMZE NA DEREVA GARI LINAPOKWENDA. Nilikitazama kibao kile kwa miaka minne, kwenda na kurudi, na sikuwahi kukionea wivu mpaka siku nilipopigwa kofi. Siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba shirika letu la mabasi lilikuwa limefikiria namna ya kumlinda dereva na maongezi, lakini halikuwa limefikiria namna ya kumlinda kondakta na viganja vya watu.

Mimi ndiye nilikuwa kondakta. Mwanamke kondakta, wa kwanza katika njia ya mlimani, na kwa muda mrefu wa pekee. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, miaka ya Ujamaa, wakati sukari ilipatikana kwa kibali na kila mtu alikuwa ndugu. Ndugu dereva, ndugu abiria, ndugu meneja. Nilipigwa na ndugu, nikaandikwa maelezo na ndugu, kesi yangu ikasikilizwa na ndugu, na wote nawashukuru kwa undugu wao.

Kwetu ni Tabora. Nilikuja Morogoro kumfuata kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi kiwandani, nikakaa kwake Mafiga pamoja na mke wake na watoto wao wanne. Shirika lilipotangaza nafasi za makondakta nikaenda kuomba, na sioni aibu kusema kwamba nilikwenda kwa ajili ya kofia. Ilikuwa kofia ya kaki yenye ukingo mgumu na beji ya shaba kwenye paji la uso. Siku ya kwanza nilipoivaa, wifi yangu alinipigia saluti jikoni akiwa na mwiko mkononi, na mimi nikaipokea saluti ile kwa moyo wote.

Shirika lilitufundisha kwa wiki mbili. Tulifundishwa kukata tiketi, kupiga filimbi na kujaza ripoti ya safari. Hatukufundishwa mtu afanye nini abiria mlevi anapokataa kushuka, au watu wawili wanapogombania nafasi ya kuweka tenga la machungwa. Mkufunzi wetu alisema kondakta mwenye heshima huheshimiwa. Nadhani hakuwa amepanda basi siku nyingi.

Mimi basi lile nililiendesha kwa utani. Hapa inabidi nieleze kidogo. Mimi ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita chini ya milima hii na mizigo ya watu wengine mabegani. Mtani wako unaweza kumwambia msibani kwamba marehemu alikuwa mlafi. Unaweza kumpokonya kitu chake mkononi ukaondoka nacho, naye akitaka kurudishiwa akikomboe kwa kitu kingine. Hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, watu wanamtazama wanajiuliza huyu kalelewa wapi.

Kwa hiyo kila asubuhi pale Kinole, kabla hata filimbi haijalia, mvua ya matusi ilikuwa inaninyeshea.

"Mpagazi!" walinipigia kelele. "Babu yako alibeba pembe, wewe unabeba tiketi!"

"Na ninyi," niliwajibu, "kwa kulima mteremko mna mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Panda kwa mguu mfupi, haraka, gari linaondoka!"

Watu walicheka wakapanda. Matenga yakasogezwa, walevi wakashushwa kwa kubebwa huku wakichekwa, na safari ikaenda. Wenzangu wa njia ya Dumila na Dodoma, wanaume wenye misuli, walikuwa wanarudi karakana wameraruliwa mashati. Mimi shati langu lilikuwa zima kwa miaka minne. Nilijisifu sana juu ya jambo hilo.

Kiti cha mbele karibu na mlango kilikuwa cha bibi mmoja wa Kinole aliyekuwa akiuza mafenesi na mdalasini sokoni mjini. Kiti hakikuandikwa jina lake, lakini alikuwa na goti bovu na hakuna aliyethubutu kukikalia siku ambazo bibi alisafiri. Yeye ndiye aliyekuwa mtani wangu mkuu. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akaitika marahaba kwa heshima zote, kisha akaanza kuniuliza ni lini Wanyamwezi watajifunza kuoga.

Siku yenyewe tulikuwa tunateremka kwenda mjini. Tulipofika Mkuyuni akapanda katibu wa kata moja ya huko mlimani. Kata yenyewe siitaji, maana wajukuu zake wapo na wananisalimia vizuri. Alikuwa Mluguru, mnene, amevaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na mkononi alikuwa na kifimbo cheusi cha mpingo. Miaka ile viongozi wengi wadogo walipenda kubeba vifimbo. Hawakuwa na la kuvifanyia, walivishika tu.

Viti vyote vilikuwa vimejaa. Katibu akasimama mlangoni, gari likaondoka, akakielekeza kifimbo kwenye goti la bibi.

"Ndugu kondakta, huyu asimame. Nina mkutano wilayani."

"Ndugu katibu, bibi ana goti bovu," nikasema. "Nitakuombea nafasi huko nyuma kwa vijana."

"Sikai nyuma."

Basi zima lilikuwa linasikiliza. Nikafanya kile nilichokuwa nikikifanya kila siku mambo yalipokaza.

"Basi mtani wangu," nikamwambia, "kiti hiki hapa. Kalia fenesi hili. Kwa matumbo mnafanana, mtaelewana tu."

Watu walicheka mpaka nikayaona mabega ya dereva yakitikisika chini ya kibao chake. Katibu hakucheka. Alihamisha kifimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, taratibu, na mimi mjinga nikadhani anatafuta jibu. Kofi lilinipata upande wa kushoto, sikioni. Kofia ikaruka ikaingia chini ya viti.

"Utamheshimu kiongozi," akasema.

Dereva hakusimamisha gari. Bibi akainuka, akashika nguzo, akajikokota na kukaa juu ya tenga lake, na katibu akakaa kwenye kiti. Hilo liliniuma kuliko kofi. Niliiokota kofia yangu, nikaipangusa vumbi, nikaendelea kukata tiketi mpaka mjini huku sikio likilia filimbi ambayo sikuipuliza mimi.

Tulipofika stendi sikwenda nyumbani, nilikwenda polisi. Sajini wa zamu alikuwa mtu mwema mwenye kitabu kinene cha sheria kilichochanika mgongo. Nikamweleza. Akaandika: "Ugomvi wa abiria ndani ya gari."

"Sikuwa abiria, afande. Nilikuwa kazini. Andika nilikuwa kazini."

"Kuna tofauti gani?"

"Ukipigwa wewe ukiwa kazini kuna tofauti?"

Akacheka. Akakifungua kitabu, akalamba kidole, akafunua kurasa. Kumpiga askari akiwa kazini, kosa kubwa, hili hapa. Kumzuia ofisa wa mahakama, hili hapa. Alikuwa akinionyesha kila kosa kwa kidole kama mtu anayeonyesha picha za harusi yake. Akafunua tena, akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Kondakta simwoni," akasema mwisho. "Wewe tutakuweka kwenye shambulio la kawaida. Humu wanaingia watu wote."

"Hata waliopigana kilabuni?"

"Hao ndio wengi."

Akanipa fomu ya PF3 niende nayo hospitali. Mganga akachungulia sikio langu kwa tochi, akaandika "maumivu kiasi". Nikamwomba naye aandike kwamba niliumia kazini. Akaniambia fomu haina nafasi ya maneno hayo. Nilitoka pale nina hasira ya kuweza kumpiga mtu, na wa kumpiga sikumpata.

Meneja wetu aliniita kesho yake. Alikuwa amekwisha pigiwa simu. Alizungumza nami kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Ndugu, ulimwita kiongozi fenesi."

"Nilimwambia akalie fenesi. Sikumwita."

"Unaona sasa? Nilisema tangu mwanzo, mwanamke kwenye njia ya mlimani ni matatizo." Akavuta pumzi. "Mimi sikuzuii kushtaki. Lakini sikiliza. Ukishinda, utarudi kwenye gari lako. Ukishindwa, itaonekana ulimchokoza kiongozi, basi utabaki hapa karakana kuosha magari, na mwanamke mwingine sitamweka barabarani. Mpaka kesi iishe, nenda kachukue ndoo."

Akanyoosha mkono, akaichukua kofia yangu kichwani, akaifungia kwenye kabati la vipuri. Nikaenda kuchukua ndoo.

Kwa muda wa mwezi mzima niliosha mabasi. Nililiosha hata lile la kwangu, linarudi jioni na maganda ya machungwa na harufu ya mdalasini, na kondakta mpya, kijana wa kiume, shati limechanwa kwapani. Nilifurahi kuliona shati lile. Namwomba msamaha popote alipo.

Tatizo langu lilikuwa mashahidi. Basi lilikuwa limejaa, lakini kila niliyemuuliza alikuwa anatazama nje dirishani wakati ule ule. Sijapata kuona basi lililokuwa na watu wapenda mandhari kiasi kile. Katibu ndiye aliyekuwa anatia saini vibali vya sukari na vitenge katika kata yake, na kila mtu alikuwa na harusi, au msiba, au mtoto wa kutahiriwa. Dereva wangu, mtu wa Mahenge mwenye watoto saba, tuliyekula wote chakula cha mchana kwa miaka minne, aliniambia bila kunitazama, "Dada, mimi nilikuwa naendesha."

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi kama abiria, nikaenda Kinole kwa bibi. Nilimkuta anaanika mdalasini kwenye mkeka. Nikamwamkia. Akaitikia, akanipa kigoda, akanimenyea fenesi, hakunitania hata neno moja. Nikajua jibu kabla sijauliza.

"Mjukuu wangu anaolewa baada ya mfungo," akasema. "Harusi bila sukari utaifanyaje, mwanangu?"

"Bibi, ni kwa ajili ya kiti chako."

"Najua," akasema, na akaendelea kugeuza vijiti vya mdalasini kimoja kimoja. Nilirudi mjini nimebeba fenesi zima alilonipa, na nikalia njiani, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa.

Kesi ilisikilizwa Mahakama ya Mwanzo, asubuhi, chumba kimejaa. Waluguru wa mlimani waliokataa kuwa mashahidi walikuwa wamekuja wote kutazama. Bibi alikuwepo pia, nyuma kabisa karibu na mlango, amejifunika khanga mpaka kidevuni. Hakimu alikuwa kijana, mgeni wa mkoa, kapangiwa kazi kutoka mbali. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza wanaomshauri. Mmoja alikuwa anasinzia. Mwingine alikuwa mzee wa Kiluguru mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, naye hakusinzia hata kidogo.

Nikatoa maelezo yangu. Nilisema nilikuwa kazini, nikarudia mara tatu, mpaka karani akaniomba nisonge mbele. Kisha akasimama katibu, kifimbo mkononi.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, "huyu dada ni Mnyamwezi. Mimi ni Mluguru. Huyu ni mtani wangu. Alinitania, nami nikamtania kwa kakofi kadogo. Yeye mwenyewe aliniita mtani mbele ya watu wote. Sasa mtani anamshtaki mtani? Tangu lini?"

Chumba kikavuma. Nikaona vichwa vinatikisika kukubali, na vingine vilikuwa vya watu wangu wa kila siku. Hakimu akageuka kuwauliza wazee ni mambo gani haya, nao wakamweleza kwa sauti ya chini kwa muda mrefu, yule wa miwani akitumia mikono yote miwili.

Akaitwa dereva. Akaulizwa kama aliliona kofi. Akasema gari lilikuwa linakwenda, na kwamba ndani ya gari kuna kibao, na yeye hufuata kibao. Akaulizwa kama alisikia kitu. Akasema injini ile ina kelele. Sikumchukia. Nilimchukia kidogo.

"Mlalamikaji," hakimu akaniuliza, "ni kweli mshtakiwa ni mtani wako?"

Hapo nilibanwa. Nikikana, watu nusu chumba wangeweza kusimama na kuapa kwamba nimewaita watani kwa miaka minne, nami ningekuwa mwongo. Nikikubali, nimeshindwa, kofi limekuwa mchezo, na mimi nimekuwa mwosha magari. Na aliyeleta neno hilo ndani ya basi ni mimi. Utani ulikuwa ndio ngao yangu, na nilimpa katibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilifikiri kwa hekima. Sikufikiri. Nilikitazama tu kile kifimbo na sikio likawa linalia.

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. "Ni mtani wangu. Naomba nimsalimie."

Hakimu, mgeni wa watu, akadhani tunapatana. Akaruhusu. Nikaenda mpaka mbele ya katibu, nikapiga goti kidogo, nikamwambia "Mtani, hujambo?" na nikakichomoa kifimbo mkononi mwake. Nikakitia kwapani. Nikatoa tumbo mbele kadiri tumbo langu lilivyoweza, nikatembea hatua nne kuelekea kwa watu.

"Ndugu wananchi," nikasema kwa sauti nzito, "huyu asimame, nina mkutano!"

Chumba kililipuka kwa kicheko. Hata yule mzee aliyesinzia aliamka akacheka bila kujua kinachochekwa. Kisha nikasikia kola ya gauni langu inavutwa kwa nyuma. Katibu alikuwa amenikamata, uso umevimba, mkono wa kulia uko juu, kiganja wazi.

"Nirudishie, mshenzi wewe! Nitakuzibua!"

Mkono ulibaki hewani. Nadhani ndipo alipokumbuka yuko wapi. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na bega limepanda mpaka sikioni lenyewe bila kuambiwa.

Mzee wa miwani akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "fimbo ya mtani ikichukuliwa, anaikomboa kwa kuku au anaiacha. Huyu amekasirika. Hata siku ile ndani ya gari alikuwa amekasirika. Utani hapo haupo. Hapo kuna mtu amempiga mtu."

Hakimu akaanza na mimi. Alinionya kwa kudharau mahakama, kwa maneno makali, na akaniamuru niirudishe fimbo kwa mwenyewe. Niliirudisha. Kisha akamgeukia katibu, akasoma kwa sauti aliyokuwa ameikosa asubuhi yote. Akasema amemkuta na hatia ya shambulio. Akasema kosa limekuwa zito zaidi kwa kuwa mlalamikaji alikuwa kazini.

Alisema hivyo hivyo: alikuwa kazini. Sikusikia vizuri yaliyofuata. Nilikuwa nimeomba neno hilo polisi, hospitali na kwa meneja, na kila mahali fomu haikuwa na nafasi. Nililia pale mbele ya watu, na kamasi zilinitoka, na sikujali.

Adhabu haikuwa kubwa. Katibu alipewa onyo kali, akaambiwa akirudia katika mwaka ule atafungwa, na akatakiwa aniombe radhi papo hapo. Aliliomba radhi dirisha lililokuwa nyuma yangu. Niliikubali kwa niaba ya dirisha.

Meneja alinirudishia kofia kwa ncha za vidole. Nikamwomba tuweke kibao cha pili ndani ya gari, cha kusema kwamba kumpiga kondakta ni kosa. Akasema kibao lazima kiidhinishwe makao makuu Dar es Salaam, na kwamba ataandika. Nadhani hadi leo anatafuta kalamu.

Nikarudi Kinole. Asubuhi ya kwanza nilipanda gari nimeandaa matusi ya kutosha wiki nzima. Watu walikuwa wamejipanga foleni mlangoni, kimya, nauli mkononi.

"Shikamoo, ndugu kondakta," akasema mzee aliyenizidi miaka thelathini.

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Walipanda mmoja mmoja, wakayaweka matenga mahali nilipoonyesha, wakakaa. Nikawaambia wameamka na sura za kima. Wakasema ndiyo, ndugu. Niliwatukana mama zao tangu Kinole mpaka Mkuyuni na hakuna aliyenijibu. Walikuwa wameona kondakta akimpeleka katibu mahakamani akashinda, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili. Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenipazia sauti, na sijawahi kuwa mpweke kazini kama wiki zile. Nilianza kufikiria kurudi kwenye ndoo kwa hiari yangu.

Kisha akapanda bibi. Hakuwa amesafiri tangu kesi. Alipanda taratibu, akilivuta goti lake, na tenga lake likasukumwa ndani nyuma yake. Kiti chake kilikuwa wazi. Nikamwamkia, akaitikia, na tukabaki tumetazamana. Niliona midomo yake inatetemeka, nikaogopa kwamba ataniomba msamaha mbele ya watu wote na mimi sitajua pa kuuweka.

Hakuomba. Alinyoosha mkono, akaichomoa kofia kichwani kwangu, akaivaa juu ya kilemba chake.

"Mpagazi," akasema, "leo kata tiketi kichwa wazi, jua likuchome akili ziive. Na harusi ya mjukuu wangu imepita bila sukari kwa sababu yako, katibu katunyima kibali, tulikunywa chai chungu kama mate yenu!"

Akakaa kwenye kiti chake, kofia kichwani. Kisha mtu mmoja huko nyuma akapasuka kwa kicheko, na wa pili, na basi zima likawa linanitukana kwa mkupuo, wiki tatu za matusi zilizokuwa zimewabana. Dereva naye akageuka, gari linakwenda, akaniambia kichwa changu kinafanana na kibuyu. Nilishika nguzo maana sikuwa naona vizuri.

Mtani akikupokonya kitu unakikomboa. Mimi nilikataa kuikomboa kofia ile. Nilimwambia bibi akae nayo mpaka atakapojifunza kuoga, naye akakaa nayo. Watu wa Kinole waliniambia alikuwa akilimia magimbi akiwa ameivaa, na beji ameing'arisha kwa majivu.

Baada ya mwezi nilipokea barua kutoka kwa shirika, imepigwa chapa na ina mhuri. Kuhusu kofi sikuwahi kuandikiwa mstari hata mmoja, wala wakati ule wala baadaye, kwa hiyo niliifungua kwa shauku. Ilikuwa barua ya onyo. Barua hiyo ninayo mpaka leo, na siku ambazo sikio la kushoto linalia naitoa naisoma. Inasema nimepoteza mali ya umma, yaani kofia moja ya kaki, nikiwa kazini.